Nilivyowatafuta Warumi Nyuma ya Usoke

Wapo wanaosafiri kwa biashara na wapo wanaosafiri kwa kufiwa. Mimi nilisafiri kwa sababu ya mchwa. Nalisema mapema, msije mkadhani niliondoka Tabora kwa nia njema.

Wakati huo wa Mwingereza nilikuwa mwalimu katika shule ya misheni, nimepanga chumba Gongoni, na kichwani nilikuwa na Kilatini kidogo kilichobaki tangu nilipoacha seminari. Nasema niliacha, waliokuwapo wana neno lao. Kwa ajili ya Kilatini hicho Padri Mkuu aliniita ofisini mwake mwezi wa saba, akafungua kabati, akatoa kitabu kilichofungwa katika kitambaa cheusi. Kilieleza ibada za Warumi wa kale, wale wa kabla ya Ukristo. Sehemu ya kwanza ilihusu ibada za hadharani, za serikali na mahekalu. Sehemu ya pili ilihusu ibada za nyumbani.

"Mwalimu Maganga," alisema, "kila mwaka tunawaambia watoto kwamba mashahidi wa Roma walikubali kuliwa na simba kuliko kuitolea miungu sadaka. Sadaka yenyewe ilikuwaje, hawajui. Niandikie masomo mawili kwa Kiswahili, moja la hadharani, moja la nyumbani. Nayataka kabla ya Novemba."

"Ndiyo, Padri."

"Na hiki kitabu ni cha pekee. Tabora nzima hakuna kingine."

Alisema hivyo akinikazia macho, nami nikadhani ananikazia macho kwa sababu ananiamini.

Somo la kwanza nililiandika kwa raha. Nilicheka peke yangu chumbani hata mwenye nyumba akagonga ukuta. Kumbe wale wakubwa wa dunia hawakuweza kuanza vita bila kwanza kutazama kuku wakila! Kuku walikuwa wa serikali, na walikuwa na mtunzaji wao. Wakidonoa kwa pupa, jeshi linakwenda. Wakikataa, jeshi linangoja. Kuhani mkuu wa Jupita, mungu wao mkubwa, alikatazwa kupanda farasi, alikatazwa kugusa mbuzi, na maharage alikatazwa hata kuyataja. Kuhani akitoa sadaka alijifunika kichwa kwa nguo, na kando yake alisimama mpiga filimbi ili kelele mbaya zisifike masikioni. Tena sala ikikosewa neno moja tu, ibada yote ilianzwa upya. Niliandika kurasa kumi na mbili bila kuona njaa.

Mwanzoni mwa Oktoba nikafunua sehemu ya pili. Nilikuta nusu ya ukurasa mmoja. Sentensi ya mwisho iliyobaki ilisema kwamba Mrumi hakula chakula kabla hajaukumbuka moto wa jikoni mwake. Baada ya hapo palikuwa na vumbi. Mchwa walikuwa wamekula jiko la Warumi, mlango wao na wazee wao wote, wakaacha jalada la nyuma likiwa zima. Nikavuta sanduku nililowekea kitabu, nikakuta chini yake udongo wa mchwa. Nikakaa kitandani. Kwa kweli niliogopa.

Lazima mjue nilikuwa na nini cha kupoteza. Ualimu wa misheni ndio uliokuwa chumba changu, baiskeli yangu, na heshima ya mama yangu mbele ya wenzake kisimani. Mwaka uliotangulia mwalimu mwenzetu mmoja alikuwa amefukuzwa kwa jambo la asubuhi moja tu: alionekana kwao akitambika. Kanuni ya kuwakataza walimu kutambika ilisomwa kila mwaka unapoanza, na ikishasomwa hakuna aliyeuliza swali. Yule mwenzetu sasa alikuwa anauza ugoro Mtendeni. Kila nilipopita alinipungia mkono, akasogea kidogo kwenye mkeka wake, kana kwamba ananiwekea nafasi.

Katika hali hiyo ndipo ilipofika barua ya baba mdogo Shija, mdogo wake marehemu baba yangu, anayekaa jirani na Bibi mzaa baba huko nyuma ya Usoke. Aliandika: "Bibi yako anasema, kama mume wake hatafika kutambika kabla ya mvua, ataolewa na mwingine." Mume huyo ni mimi. Nimerithi jina la Babu, na kwetu bibi humwita mjukuu wa namna hiyo mume wake, akamtania apendavyo.

Miaka mitatu nilikuwa namjibu kwa sukari na visingizio. Safari hii niliisoma barua mara mbili, kisha nikakitazama kitabu. Kwa Bibi kuna jiko. Kuna mlango. Uani kuna vijumba vya nyasi vya mizimu, na yupo mtu mmoja anayejua kila kinachofanyika hapo. Nyumba ni nyumba, nikajiambia. Nitakwenda, nitatazama tu, sitagusa kitu. Nitaandika ninachokiona, nitabadili majina yawe ya Kirumi. Mrumi gani atafufuka aseme sivyo?

Jumatatu asubuhi, stesheni ya Tabora. Nilipanda treni ya Kigoma, behewa la daraja la tatu, nikiwa na doti ya kanga, sukari, furushi la chumvi na daftari jipya. Mkaguzi wa tiketi alikuwa Mgogo. Alinisikia nikisalimiana kwa Kinyamwezi na mama mmoja, akasimama palepale. Sisi na Wagogo ni watani tangu enzi za misafara, kwa hiyo nilijua sitapona.

"Mnyamwezi kwenye treni!" alitangaza. "Mzigo wako uko wapi? Au siku hizi mnabebwa ninyi?"

"Nabebwa," nikamjibu, "na Mgogo ananitobolea tiketi. Dunia imekaa sawa."

Behewa zima likacheka. Akaitoboa tiketi, akaniuliza nakwenda kwa nani, nikamwambia kwa Bibi. Na Babu je? Nikamweleza kwamba Babu alikuwa mpagazi, alikwenda pwani na pembe za ndovu, akafia njiani hukohuko Ugogo, na hakuna ajuaye alipozikwa.

"Basi yuko kwetu," akasema. "Usiwe na wasiwasi, tunamtunza bure. Ila ana kelele huyo mzee! Kila siku anatuuliza njia ya kwenda kwao."

Alikuwa anatania, nami nilicheka na wenzangu. Lakini maneno yale yalikaa nami mpaka Usoke, na sikupenda yalivyokaa.

Saa sita mchana, Usoke. Kutoka hapo kwenda kwa Bibi ni mwendo wa saa tatu kwa miguu, na nusu yake ni ile njia ya zamani ya misafara iliyokuwa ikienda Ujiji. Asiyeijua huona mfereji mpana tu katikati ya miombo, uliochimbwa na nyayo. Ukienda taratibu unaona mafiga pembeni, mawe matatumatatu, meusi kwa moto, pale wapagazi walipopikia. Watu wa kwetu hawayahamishi. Mchunga mbuzi atakaa jirani na mafiga hayo, hatakaa juu yake. Nilitoa daftari nikaandika: "Mrumi aliheshimu mawe ya jikoni, hata ya jiko lililozimika." Nikajipongeza kwa kupata sentensi kabla hata sijafika.

Katikati ya pori kulikuwa na kizuizi cha mbung'o, wale nzi wanaoleta ugonjwa wa malale. Mlinzi alitoka kwenye banda la nyasi na wavu wake mdogo.

"Simama. Nyosha mikono. Geuka."

Nikageuka. Alinizunguka polepole, macho yakishuka mgongoni mwangu mpaka visiginoni. Akamaliza, akafikiri, akaanza tena.

"Mzee, si umeshaniangalia?"

"Nimesahau soksi," akasema. "Nikisahau kitu, naanza mwanzo. Mzungu wa mbung'o alinifundisha hivyo. Umebeba nini?"

"Sukari, chumvi, na Kilatini."

"Kilatini kinashika mbung'o?"

"Hapana."

"Pita."

Saa kumi jioni, kwa Bibi. Nilimkuta ameketi mlangoni anapepeta mtama, mdogo kuliko nilivyomwacha, macho makali vilevile. Nikapiga goti nikamwamkia. Bibi hakuwa na Kiswahili kingi; mazungumzo yetu yalikuwa ya Kinyamwezi, nami nawapa kwa Kiswahili.

"Mume wangu," alisema, "umenenepa. Mke gani anayekulisha, nikampe mkono?"

"Sina mke, Bibi."

"Basi unaiba."

Akapokea kanga, akaijaribu begani, akaiweka. Akapokea sukari. Chumvi akaionja kwa ncha ya ulimi, akatikisa kichwa kwa kuridhika. Kisha akaniuliza nimekuja kukaa siku ngapi, na niliposema tatu, akasema mume wa siku tatu ni mgeni.

Jua lilipokuwa linatua tuliketi kwa ugali na mlenda. Kabla hajagusa tonge lake, Bibi alimega chembe akaitupa motoni, akamega nyingine akaiweka kizingitini, wala hakuacha kuzungumza habari za mbuzi wa jirani. Moyo ulinidunda kwa furaha. Mrumi hakula kabla hajaukumbuka moto! Nikavuta daftari.

"Unaandika nini wakati wa kula?"

Ikabidi nieleze. Nikamwambia wapo watu waliokuwa wakiitwa Warumi, wa zamani sana, wa ng'ambo ya bahari, nami nimetumwa kueleza matambiko yao. Aliuliza ni watu wa ukoo gani. Nilipomweleza habari za kuku wa serikali, aliitikia kwa kichwa, maana huko kwetu mganga naye humpasua kuku akamsoma. Nikamwambia jemadari wao mmoja alikasirika kuku walipokataa kula, akawatupa baharini, akaenda vitani.

"Akashinda?"

"Alipigwa vibaya."

"Ulitegemea nini?" akasema Bibi, akala.

Yule kuhani aliyekatazwa kutaja maharage alimhuzunisha. Alitaka kujua mkewe alimwuliza vipi atakula nini. Lakini niliposimulia kwamba sala ikikosewa neno moja Warumi walianza upya, aliweka tonge chini.

"Hao walilelewa," akasema. "Kesho alfajiri utaona."

"Ndiyo, Bibi, nitaona tu. Nimekuja kutazama, sitafanya. Nikionekana natambika, kazi yangu imekwisha."

"Kutazama?" Alinigeukia mwili mzima. "Hapa si stesheni, mtu aje atazame treni apite. Hapa hatutazamwi. Utafanya au utarudi na karatasi yako tupu."

Nikamweleza habari za kanuni. Nikamweleza habari za mwenzangu wa ugoro. Alisikiliza mpaka mwisho, kisha akazungumza bila utani.

"Wewe ukifukuzwa, utakuja hapa, nitakupa jembe. Mimi nikifa, majina nitakwenda nayo. Baba yako alikufa kabla sijamfundisha. Shija ameingia kanisa la Wamoraviani, hataki kusikia. Umebaki wewe. Nina watu kumi na tisa wa kutajwa, na nina mdomo mmoja, nao unazeeka."

Niliona haya. Nilikuwa nimekuja kuiba kitu kwa mtu aliyekuwa akinisihi miaka mitatu nije anipe. Usiku huo sikufikiri habari za Warumi hata kidogo.

Jumanne alfajiri, uani. Bibi alinifunika kichwa kwa kaniki. Mkono wangu ulikuwa umekwisha kwenda kwenye daftari kabla sijakumbuka kwamba nimelificha chini ya mto wa kulalia. Akanipa kibuyu cha unga wa mtama uliokorogwa na maji, meupe kama maziwa. Nikakumbuka furushi langu, nikachota chumvi kidogo nitie, nimpendeze. Alinipiga kofi mkononi, chumvi ikamwagika.

"Wazee hawali chumvi! Unataka kuwafukuza?"

Tukasimama mbele ya vijumba vya mizimu. Kazi yangu ilikuwa kumwaga kidogo kidogo na kutaja majina yote kumi na tisa, mmoja baada ya mwingine, kwa mpangilio wake, kisha kuomba mvua na afya. Bibi alikuwa amenifundisha orodha tangu jogoo wa kwanza, nami nilijidanganya kwamba mtu aliyekariri vitenzi vya Kilatini hawezi kushindwa na majina ya jamaa zake.

Nilifika la saba, nikakwama.

"Anza," akasema Bibi.

Nikaanza. Nilifika la kumi na mbili, nikabadilisha mama na binti.

"Anza."

Mara ya tatu nilikwenda vizuri mpaka nikaona mwisho ule pale. Nikapaza sauti kwa kujiamini, nikamaliza, nikameza mate.

"Umemruka Nyanzala," akasema Bibi. "Anza."

Mara ya nne nikamruka tena. Mara ya tano, nilipofika palepale na ulimi ukaganda, sauti ya mwanamume ikatoka nyuma ya ua: "Nyanzala! Baada ya Kalunde ni Nyanzala!"

"Shija!" Bibi akaita. "Wewe si Mmoraviani?"

"Ni Mmoraviani, mama, tena simo kabisa!" akajibu baba mdogo. "Napita tu kwenda shambani. Lakini mnakosea mno!"

Alipita kwenda shambani kwa muda mrefu sana, maana aliendelea kukohoa nyuma ya ua mpaka nilipomaliza salama, mara ya sita, jua limekwisha chomoza. Bibi akachovya kidole katika unga, akanipaka kwenye paji la uso.

Nikamwuliza huyo Nyanzala ni nani hata tukateseka hivi. Bibi akacheka mpaka akashika ubavu.

"Mke mwenzangu. Alikuwa na ulimi, Nyanzala! Nilimchukia miaka kumi na tano. Alipokufa nikala vizuri siku hiyo."

"Basi mbona tusimruke?"

"Ndiyo maana harukwi. Mtu niliyempenda nikimsahau atanisamehe, atasema ni uzee. Huyu atajua nimefanya makusudi."

Kibuyu kilikuwa bado na unga chini. Nilidhani tumemaliza, lakini Bibi alichukua fimbo akaniongoza kwa miguu mpaka kwenye njia ya misafara, kwenye mafiga yaliyo karibu zaidi na kwake. Hapo alisimama mahali alipojua mwenyewe. Ndipo alipoagana na Babu, akiwa mke mdogo mwenye mtoto mgongoni na mimba ya Shija, na mtoto huyo wa mgongoni ndiye baba yangu. Nikajua ni wa nani unga uliobaki. Nikageuka kuelekea mashariki, upande wa Ugogo na pwani, alikokwenda.

Bibi akanishika mabega akanigeuza.

"Huko anakujua," alisema. "Njia ya kwenda hakuisahau. Mwonyeshe ya kurudi."

Nikamwaga nikitazama nyumbani, moshi wa jiko la Bibi ukionekana juu ya miti. Niliita jina la Babu, ambalo ni jina langu, na sauti ilinikatika. Bibi hakunianzisha upya.

Alhamisi, njia ya kurudi. Mlinzi wa mbung'o alinizunguka mara moja tu akaridhika. Kwenye treni nilimkuta Mgogo yuleyule. Nikamwambia, "Ukifika kwenu, mwambie Babu tumemwonyesha njia." Alifungua kinywa anijibu kwa utani, akanitazama, akaitoboa tiketi kwa upole akaenda zake.

Kutoka Usoke mpaka Tabora niliandika. Niliandika chembe ya motoni na chembe ya kizingitini, kichwa kilichofunikwa, unga na maji, wazee wanaotajwa kwa mpangilio bila kurukwa. Pombe ambayo Bibi aliwamwagia wazee siku ya Jumatano niliigeuza divai kwa kubahatisha. Mwisho niliweka ukurasa mmoja juu ya Mrumi aliyefia safarini, na jinsi jamaa zake walivyosimama njiani wakageukia nyumbani ili kumwonyesha pa kurudi. Ukurasa huo nilijua si wa Kirumi. Niliuacha hata hivyo, kwa sababu nilishindwa kuutoa.

Tabora, siku tano baadaye. Padri Mkuu aliniita. Juu ya meza kulikuwa na masomo yangu, penseli nyekundu, na kile kitabu, bado kimefungwa katika kitambaa chake kama nilivyokirudisha.

"Somo la nyumbani," alisema, "limenipendeza kuliko la hadharani. Chakula motoni, kweli. Baba wa nyumba kujifunika kichwa, kweli. Kuwalisha wazee, kweli. Umekosea kitu kimoja. Warumi walitia chumvi katika unga wa sadaka."

"Hapana, Padri," nikasema kwa haraka ya mwalimu anayejua somo lake. "Wazee hawali chumvi. Nilikuwa nayo mkononi, nikapigwa kofi."

Nilisikia mtu anafagia nje.

"Ulipigwa na nani?" akauliza Padri.

Alifungua kitambaa taratibu, akafunua sehemu ya pili, akapuliza vumbi.

"Mchwa hawa ni wa mwaka juzi," alisema. "Nilikuazima kitabu kikiwa hivihivi. Nilitaka kujua kama utakuja kuniambia, au utatunga."

"Lakini Padri, udongo ulikuwa chini ya sanduku langu!"

"Mwalimu, chini ya sanduku gani hapa Tabora hakuna udongo?"

Nilijisikia mjinga mpaka kwenye nyayo. Padri akaiweka penseli chini.

"Hukuja, na hukutunga. Ulikwenda kuuliza. Sasa nijibu sawasawa. Ulitazama, au ulifanya?"

Niliuona mkeka wa Mtendeni na ile nafasi iliyoachwa. Neno "nilitazama" lilikuwa tayari mdomoni, fupi na jepesi. Kisha nikamkumbuka Bibi akinigeuza mabega, nikaona siwezi kumkana mwanamke yule kwa ajili ya chumba cha Gongoni.

"Bibi yangu haruhusu kutazamwa, Padri," nikasema.

Akaondoka kitini akaenda dirishani, akanipa mgongo. Nilingoja. Niliona ameshika karatasi moja, ule ukurasa wa aliyefia njiani, na haukuwa na alama nyekundu hata moja.

"Huu haumo kitabuni. Nilikisoma chote kabla ya mchwa."

"Najua, Padri."

"Mama yangu alifariki mwaka wangu wa pili hapa. Barua ilifika miezi mitatu baadaye; ndugu zangu huko Ulaya walikuwa wameshasahau msiba." Aliigeuza ile karatasi mkononi. "Je, kama aliyekufa yuko nyumbani, na aliye njiani ndiye aliye hai, anageukia wapi?"

"Hilo sikumwuliza Bibi," nikamjibu, na ilikuwa kweli.

Alirudi mezani akawa Padri Mkuu tena. "Unastahili kitubio. Majina hayo kumi na tisa utayaandika yote katika orodha ya marehemu wa Novemba, yasomwe kanisani. Mungu anawajua walio wake. Na usirudie tena."

"Kutambika, Padri?"

"Kunificha habari za kitabu," akasema, akafungua faili jingine.

Siku ya Marehemu Wote, kanisani. Nilimtumia Bibi habari kwa baba mdogo, nikidhani atafurahi huko huko aliko. Alikuja. Alipanda treni kwa mara ya kwanza maishani, akasindikizwa na Shija Mmoraviani, ambaye alisisitiza kwamba yeye hayumo, anamshikia mama kikapu tu. Bibi aliketi nyuma upande wa wanawake, na kanga yake mpya, fimbo kati ya magoti.

Padri alisoma orodha ya marehemu, ndefu, na jamaa zangu walikuwa mwisho. Aliwasoma vizuri, kwa Kinyamwezi chake cha kizungu. Kalunde akamtaja. Halafu mshumaa ulikuwa umedondosha nta kwenye karatasi, nami nikayaona macho yake yanaruka mstari.

Fimbo iligonga sakafu mara moja.

"Umemruka Nyanzala," ikasema sauti ya Bibi, kwa Kinyamwezi, na kila Mnyamwezi aliyekuwamo alisikia. "Anza."

Watu wote waligeuka. Mimi nilitazama dari. Sijawahi kuijua dari ya kanisa lile kama siku hiyo. Padri alisimama na karatasi yake mkononi, na kwa kitambo sikujua ni nani kati yetu atakayetolewa nje kwanza. Kisha akaikwangua nta kwa ukucha, akarudi juu, akaanza upya jina la kwanza, polepole, mpaka Kalunde, na Nyanzala, na wote kumi na tisa. Alipowamaliza hakushusha karatasi. Akaongeza jina moja lisilokuwamo.

"Matilda," akasema.

Nje, baada ya misa, Bibi alinivuta mkono. "Huyo wa mwisho ni wa nani? Simjui."

"Ni mama yake Padri, Bibi. Alifia kwao, yeye akiwa huku." Nikamwuliza lile swali ambalo sikuwa na jibu lake, mtu kama huyo ageukie wapi.

"Popote," akasema Bibi. "Mama hahitaji kuonyeshwa njia. Amtaje tu, asimruke." Akafikiri, akihesabu kwa vidole. "Na wewe utamweka baada ya Nyanzala. Nyanzala apate mtu wa kugombana naye, anipumzishe mimi."

Mwaka mpya ulipoanza, kanuni ilisomwa mbele ya walimu, kama kawaida, na Padri Mkuu ndiye aliyeisoma, bila kuinua macho. Hakuna aliyeuliza swali. Mimi nilijifunza kwamba Warumi walitia chumvi na sisi hatutii, na tofauti nyingine bado naitafuta. Bibi amekwisha kufa sasa, na yupo katika orodha, baada ya Matilda. Wako ishirini na mmoja. Kila mwaka kabla ya mvua naenda likizo Usoke, na nikikosea jina, Shija anakohoa nyuma ya ua, nami naanza mwanzo.